Zumari Iliyofika Lusu

Upo usemi wa kale kwamba zumari ikipigwa Unguja, hucheza watu mpaka kwenye Maziwa Makuu. Waandishi wa historia wameupenda usemi huu kwa kuwa unaikusanya karne ya 19 katika maneno machache: enzi ya Seyyid Said na wanawe, ya pembe na karafuu, ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora na kuishia Ujiji na ng'ambo yake. Mimi nimeusikia tangu utotoni, nami nimezaliwa na kukulia Lusu, katika wilaya ya Nzega, mkoani Tabora. Yaani mahali ambapo, kwa mujibu wa usemi huo, kazi yetu ilikuwa ni kucheza.

Usemi huo haukunishughulisha sana mpaka nilipoanza, nikiwa nimekwisha kuvuka umri wa miaka 50, kujifunza kuipiga zumari yenyewe. Maana mtu akiisha kuitia ala mdomoni, huacha kuiona kuwa ni tamathali ya maneno. Huanza kuuliza swali ambalo wanahistoria hawana haja ya kuliuliza: pumzi hiyo, iliyowachezesha watu wote hao, ilitoka katika kifua cha nani?

Kwa msomaji ambaye hajapata kuishika, zumari ni mti uliotobolewa, mwembamba juu na mpana chini, wenye matundu ya vidole. Kichwani mwake huingizwa kijibomba chembamba cha madini, na juu ya kijibomba hicho hufungwa ulimi, yaani vipande vya ukuti mkavu vilivyokunjwa na kubanwa hata vikaachiana nafasi nyembamba kama kope za mtu anayesinzia. Chini ya ulimi hukaa kisahani cha duara ambacho midomo ya mpigaji hukiegemea. Sauti yake si ya chumbani. Ni sauti ya uwanjani, kali, yenye kupenya juu ya ngoma na vigelegele. Lamu inaijua katika kirumbizi, mchezo wao wa fimbo, na pwani yote, kuanzia huko hadi Pemba na Unguja, ina ngoma ambazo bila zumari huwa kama harusi isiyo na bwana harusi.

Jina lake limetoka katika Kiarabu, na jamaa zake wametapakaa duniani. Waturuki na Waarmenia wana zurna, Waajemi wana sorna, Wahindi wana shehnai. Ukizitazama zote utaona ndugu wa tumbo moja: mti, ulimi wa jani au wa tete, na mashavu ya mpigaji yaliyotuna. Katika ukoo huo yupo mmoja mpole kuliko wote, naye ndiye aliyenitia katika safari hii. Ni duduk ya Waarmenia.

Duduk niliisikia kwanza katika santuri ndogo niliyopewa na rafiki yangu wa Unguja, mpenzi wa muziki wa mataifa. Mpigaji alikuwa Djivan Gasparyan, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2021, ambaye ndiye aliyeifanya ala hiyo ijulikane nje ya milima yao. Duduk huchongwa kwa mti wa aprikoti, na ulimi wake ni tete pana, pana kuliko kidole gumba. Haipazi sauti, huguna na kulalamika, mithili ya mtu mzima anayelia akiwa amewapa wenzake kisogo. Waarmenia huipiga harusini na mazikoni pia, na mwaka 2005 shirika la UNESCO lilitangaza kuwa muziki wake ni tunu ya wanadamu wote.

Lakini jambo lililonikamata halikuwa huzuni yake. Nilipoisikiliza mara ya tatu au ya nne niligundua kwamba wapigaji ni wawili. Mmoja hupiga lahani, akapanda na kushuka apendavyo. Wa pili hushika sauti moja tu ya chini, akaishikilia mwanzo hadi mwisho bila kuikata, kama sakafu ambayo mwenzake anaitembelea. Sauti hiyo huitwa dam, na neno hilo katika Kiajemi maana yake ni pumzi. Mtu huyu wa pili hasifiwi na wengi, na pengine jina lake haliandikwi kwa herufi kubwa juu ya jalada. Hata hivyo akinyamaza yeye, yule wa kwanza huwa kama mtu aliyeondolewa ardhi chini ya miguu.

Nilitamani kujifunza duduk. Duduk Lusu sikuweza kuipata, wala mwalimu wake. Basi yule rafiki yangu akaniambia maneno ya kweli: "Ndugu yangu, mbona wamtafuta binamu wa mbali na kaka yuko hapa kwetu?" Akanipeleka kwa mzee mmoja wa shamba, kaskazini ya Unguja, ambaye aliipiga zumari tangu ujana wake katika ngoma za harusi. Jina lake nitalihifadhi, kwani hakupenda kuandikwa. Nilimwita Maalim.

Nilipomwamkia na kumweleza nilikotoka, alicheka sana. "Mnyamwezi!" alisema. "Nyie nawajua kwa kubeba. Kupuliza mtaweza?" Ulikuwa utani, nami niliupokea kwa utani, ila umekaa nami zaidi kuliko alivyokusudia.

Siku ya kwanza hakunipa zumari. Alikata bua la jani la mpapai, ambalo ndani lina uwazi, akaniletea bakuli la maji, akaniambia nipulize ili maji yatoe mapovu, na mapovu hayo yasikatike. Mtu wa kawaida hupuliza, akaishiwa, akavuta pumzi, akaanza tena. Mpiga zumari hana ruhusa hiyo. Lahani yake haina mahali pa kumeza mate. Siri yake imo katika mashavu: pumzi inapokaribia kwisha kifuani, mpigaji hujaza mashavu kama mfuko, kisha huyabana ili hewa iliyomo iendelee kutoka kwa mdomo, na katika nukta hiyo hiyo huvuta pumzi mpya kwa pua. Kwa muda mfupi sana anayelilisha bua si kifua, ni shavu. Kisha kifua hurudi kazini, na msikilizaji hajui lolote.

Kueleza ni rahisi. Mwili wa mtu, hata hivyo, umezoea tangu siku ya kuzaliwa kwamba kutoa na kuvuta ni mambo mawili yanayopeana zamu. Kuyafanya kwa pamoja ni kama kuuambia mkono mmoja ufunge mlango na mwingine uufungue. Siku saba nilizokaa kwake mapovu yangu yalikatika kila yalipofika mahali pale pale. Maalim alikaa kibarazani akisuka ukili, akasikiliza bila kuinua uso. "Wapumua kama mtu anayekimbizwa," aliniambia. "Hapana anayekukimbiza."

Jambo hili lilinigusa mahali pa kazi yangu. Mimi ni mtunzi wa mashairi, na sisi watunzi wa bahari za kale tumelelewa katika mizani. Kipande cha shairi kina mizani 8, kisha kina, kisha pumziko. Kipande cha pili kina mizani 8 tena, kisha kina, kisha pumziko kubwa zaidi. Kwa miaka 30 nimehesabu silabi kwa vidole, na sikupata kutambua kwamba nilichokuwa nikihesabu ni urefu wa pumzi ya mwimbaji. Wazee waliotuwekea kanuni hawakuipata namba ile katika vitabu, waliipata kifuani. Shairi linajua kwamba mtu hufika mahali akachoka, nalo limempa pa kukaa. Zumari haikutoa nafasi hiyo. Ndiyo maana nilipokuwa nikipuliza, kila nilipofika mahali ambapo pangekuwa na kina, mwili wangu ulitaka kusimama.

Niliporudi Lusu nilikuja na zumari moja, ndimi nne na lahani mbili ambazo Maalim alinifundisha kwa kuziimba. Nilianza mazoezi nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, jioni baada ya jua kupoa. Majirani walivumilia kadiri walivyoweza. Mtoto mmoja alipita akauliza kama ni mbuzi anayechinjwa.

Kisha ukaja msimu wa kiangazi. Nchi yetu si kama Visiwani ambako hewa yenyewe ina unyevu. Kuanzia Juni hadi Oktoba, Nzega hukauka hata majani ya mpera huvunjika mkononi. Ndimi nilizotoka nazo pwani zilipasuka moja baada ya nyingine, na kufikia Agosti zumari yangu ilikuwa mti mtupu. Nilimpigia Maalim simu, naye akanijibu jibu ambalo sikulitazamia. Hakusema kwamba atanitumia nyingine. Alisema: "Ulimi hauagizwi, mwanangu. Tafuta huko huko."

Nikatafuta. Nilijaribu majani ya kila mtende niliouweza kuufikia, na ule uliokubali hatimaye ni mvumo, ule mtende mrefu wenye tumbo katikati, ambao huota katika mabonde yetu. Nililoweka jani lake usiku kucha, nikalikata, nikalikunja, nikalifunga kwa uzi wa pamba. La kwanza halikutoa sauti. La tano lilitoa mlio wa nzi. La tisa lililia. Halikulia kama zile za Unguja. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, na ndani yake mna mkwaruzo. Nilimpigia Maalim asikilize kwa simu. Alikaa kimya, kisha akasema, "Hiyo ni zumari, lakini yasema Kinyamwezi." Hakusema kwa kulaumu. Mimi niliyezishughulikia tafsiri kwa miaka mingi sijapata kupewa sifa nzuri kuliko hiyo. Mti ulisafiri, lahani ilisafiri. Ulimi ndio uliotakiwa uwe wa mahali mdomo ulipo.

Hapo ndipo usemi ule wa kale ulipoanza kunirudia kila jioni. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi katika Vita Kuu ya Kwanza. Alibeba masanduku ya risasi na magunia ya unga, kwanza kwa Wajerumani, kisha, baada ya Tabora kutekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Septemba 1916, kwa hao walioiteka. Kabla yake baba yake alibeba pembe kwenda Bagamoyo, zamani za misafara, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na kuifanya safari ya miezi kuwa safari ya siku chache. Babu alikuwa akituambia kwamba mzigo haubebwi kwa bega. Bega hushika tu. Mzigo hubebwa kwa pumzi, na mpagazi aliyeachwa na pumzi hata bega lake liwe la chuma ataanguka.

Ndiyo sababu, alisema, waliimba. Kirongozi alitangulia na wimbo, na walio nyuma wakaupokea. Kirongozi akiimba, wengine huvuta hewa. Wengine wakiitika, kirongozi huvuta yake. Msafara wa watu 300 uliweza kutoka kambini alfajiri ukafika kambi ya pili jua likiwa limepanda, na wimbo usikatike hata mara moja, ingawa hapana mtu mmoja ndani yake aliyeimba bila kupumzika. Richard Burton, Mwingereza aliyeondoka pwani mwezi Juni 1857 na kufika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi Novemba, ameandika habari za kelele za msafara uwapo njiani, nyimbo na pembe na ngoma, kama jambo la kushangaza. Kwa babu halikuwa la kushangaza. Ilikuwa namna ya kuwa na kifua kimoja kikubwa.

Basi nikiwa chini ya mwembe na zumari mdomoni niliweza kuviweka vitu vitatu pamoja. Mpiga zumari huifanya sauti isikatike kwa kuweka akiba shavuni. Mpiga duduk huifanya isikatike kwa kuwa na mwenziwe anayeshika dam. Wapagazi waliifanya isikatike kwa kupokezana. Njia ni tatu, na zote zinakiri jambo moja, kwamba pafu moja halitoshi.

Na kama ni hivyo, usemi ule umeacha nusu ya habari. Wanahistoria wenyewe wanatuambia kwamba Wanyamwezi hawakungoja kuitwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 ni wao waliokuwa wakishuka pwani na pembe zao, kabla misafara ya watu wa pwani haijazoea kupanda bara. Njia ile ilifunguliwa kwa miguu yao. Baadaye, Unguja ilipopata majumba na milango ya nakshi, mali hiyo ilifika ikiwa juu ya mabega, na mabega hayo yalikuwa na vifua chini yake. Aliyepiga zumari alikuwa Unguja, naam. Lakini sehemu kubwa ya pumzi aliyoipuliza ilivutwa huku, katika vilima na mbuga za kati. Sisemi hayo kwa kudai fidia. Nasema kwa kuwa mtu anayejifunza kupuliza ana haki ya kujua hewa hutoka wapi.

Maalim alifariki mwaka 2019. Nilipata habari baada ya maziko, nami nikamsomea dua nikiwa mbali. Rafiki yangu aliniambia kwamba katika watoto na wajukuu wake hapana aliyeichukua zumari. Harusi za siku hizi zina vinanda vya umeme ambavyo vinaweza kuigiza sauti yoyote kwa kubonyeza kitufe, na kitufe hakichoki. Sina ugomvi na vinanda. Ila usiku ule niliketi nikahesabu: zile lahani mbili, kwa namna ile aliyonifundisha yeye, zimebaki kwa nani? Hesabu ilikuwa fupi. Zilikuwa kwangu, mtu wa Lusu, mwenye vidole vigumu, ambaye bado pumzi yake ilikuwa ikikatika katika mzunguko wa nne.

Hapo niliogopa. Nilipokuwa nikijifunza kwa ajili ya nafsi yangu, kukatika kwa pumzi kulikuwa jambo la kuchekesha. Sasa ilikuwa mimi nikinyamaza, kitu kinanyamaza. Nilizirekodi zile lahani kwa simu, nikaziandika pia kwa alama nilizojitungia mwenyewe, maana sikusoma muziki shuleni. Lakini rekodi ni kumbukumbu ya pumzi, nayo haipumui.

Jirani yangu ana binti aliye kidato cha pili, apigaye ngoma katika kwaya ya kanisa lao. Kwa miezi mingi alikuwa akipita akichota maji, akanisikia. Jioni moja alitua ndoo akaniamkia, kisha akasema, "Mjomba, mbona kila siku unaishia pale pale? Nikupokee?"

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo, lakini mimi lilinibidi nikae chini. Tunampokea mtu mzigo. Tunampokea mwimbaji wimbo. Tunapokea mila kwa waliotangulia. Lugha yetu imeyaweka matatu hayo katika kitenzi kimoja, na mimi, niliyeishi kwa kupima maneno, sikuwa nimeyaona yakiwa pamoja mpaka yalipotoka kinywani mwa mtoto mwenye ndoo.

Alinipokea kwa sauti yake. Hakuwa na zumari; alishika tu ile sauti ya chini, mdomo umefungwa, akaishikilia kama wafanyavyo katika kwaya. Nilipofika katika mzunguko wa nne na pumzi ikayumba, sauti yake ilikuwapo. Nikavuta kwa pua bila haraka. Nikaingia mzunguko wa tano, na wa sita, na lahani ya Maalim ikafika mwisho wake kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Lusu. Hapana aliyecheza. Kuku walikuwa wakipanda mtini kulala.

Tangu siku hiyo nimeielewa kazi yangu upya. Mimi si kifua cha lahani hii. Kifua kilikuwa Unguja, nacho kimekwisha kupumzika. Wala pengine si mimi nitakayekuwa ulimi wake hasa, maana vidole vyangu vimechelewa. Mimi ni shavu. Ninaishika hewa kwa ule muda mfupi ambapo kifua kimoja kimekwisha na kingine hakijajaa. Kazi ya shavu haionekani na haidumu, lakini pasipo shavu wasikilizaji wangejua kwamba mtu amekufa.

Jumamosi hukutana chini ya mwembe. Nimemkatia bua la mpapai, naye ameleta bakuli la mama yake. Nasi tunapuliza, kila mmoja katika maji yake. Mapovu yake bado yanakatika. Ya kwangu pia, siku nyingine. Ila ni nadra sasa kukatika kwa wakati mmoja.